Vidonge vya Shangazi na vya Dobi

Watu wakiniuliza Shangazi ni mgonjwa wa namna gani, huwajibu kwamba ni mgonjwa mkorofi. Ukimletea kiti, anakuuliza lini umemwona ameanguka. Ukimbebea mkoba, anakunyang'anya. Ukimpa pole, anauliza pole ya nini, kama vile saratani ni umbea wa mtaani ambao hajauthibitisha. Mimi ni binti wa mdogo wake, nimefanya naye kazi kwenye duka lake la mikate tangu nilipomaliza shule, kwa hiyo nimeshamzoea. Lakini kuzoea hakumwondolei mtu uchovu, na mwaka ule sote wawili tulichoka mpaka kwenye mifupa.

Shangazi ni mwoka mikate. Yeye hukanda na kuoka, mimi hukaa dirishani na kuuza, kwa sababu anasema Mungu alinipa mdomo wa kuuza na mikono ya kuharibu. Chumba cha kuokea kiko nyuma. Kuna tanuri la matofali lililopigwa viraka vya saruji, meza ndefu ya mbao iliyolika katikati kwa kukandiwa, makopo ya bati yanayoning'inia ukutani, na pembeni magunia ya unga yaliyopandishwa juu ya mbao yasinyonye unyevu wa sakafu. Mikono yake ni minene kuliko ya Baba, na Baba alikuwa fundi wa malori.

Kuna utaratibu mmoja wa pale kwetu ambao ni lazima niueleze mapema. Unga hauji sawasawa. Gunia moja linatoa mkate unaojaa vizuri, na gunia jingine, la kinu kilekile, linatoa kitu cha kupigia misumari. Kwa macho huoni tofauti. Sasa mzigo ukija ambao Shangazi hauamini, hafungui gunia mojamoja. Hufungua mawili, akayamwaga pamoja kwenye karai kubwa, akachanganya kwa mikono yote miwili mpaka viwikoni, ndipo akakanda. Husema hivyo hakuna mteja atakayekula bahati mbaya peke yake. Mkate unatoka wa wastani, si wa kujivunia, lakini hakuna anayeurudisha. Ila akishajua kwamba gunia fulani ni zuri, hilo halichanganyi na kitu. Analiweka kando, na ole wako uliguse.

Ugonjwa ulianzia kwenye titi, miaka mingi nyuma. Walilikata, akatundikiwa dripu, nywele zikapukutika, zikaota tena, maisha yakaendelea. Tukaanza kuutaja kama mgeni aliyekuja akaondoka. Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Yeye akasema ni magunia, mimi nikasema ni uzee, tukacheka. Kumbe ulikuwa umehamia kwenye mifupa. Zikaja dawa hizi, zikaja zile, kila moja ikafanya kazi kidogo kisha ikaishiwa nguvu. Siku daktari aliposema ana jambo la kuzungumza nasi, nilijua kapu lake linakaribia kuwa tupu.

Daktari wa Shangazi ni kijana mpole, mwenye kuzungumza polepole mno, utadhani kila neno analipima joto kwanza. Alituambia kuna utafiti wa dawa mpya. Wagonjwa wote watakaoingia watapewa dripu ileile ya kawaida, ambayo Shangazi alikuwa bado hajaitumia. Juu ya dripu hiyo, nusu yao watapewa kidonge kipya cha kumeza kila siku. Nusu nyingine watapewa kidonge kinachofanana nacho kwa rangi na ukubwa, ila ndani hakina dawa.

"Mimi nitapata kipi?" Shangazi akauliza.

"Kompyuta ndiyo inayochagua, mama. Sisi hapa hatutajua. Mimi sitajua, nesi hatajua, na wewe hutajua."

"Yaani wewe unanipa usichokijua, mimi nameza nisichokijua, halafu sote wawili tunakaa tunasubiri?"

"Ndivyo utafiti ulivyo, mama."

"Basi leo angalau tumekuwa sawa, dokta."

Daktari alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza zile nusu mbili.

Nyumbani Baba alikuja juu. Alisema dada yake anataka kufanywa panya wa maabara, na kwamba yeye katika miaka yake yote ya ufundi hajawahi kufungua injini ya mtu ili ajifunzie. Nilijua anapiga chuku, maana injini za watu amezijifunzia sana.

"Panya haulizwi," Shangazi akamjibu. "Mimi nimeulizwa mpaka nimechoka. Wameniambia naweza kukataa. Wameniambia nikishaingia naweza kutoka. Wamenisomea, wakanieleza, wakaniuliza nimeelewa nini, kama mtoto wa shule."

"Na umeelewa nini, dada?"

"Nimeelewa kwamba hawajui."

Baba akashika tama. Baadaye, tukiwa wawili jikoni, nilimuuliza Shangazi kwa nini basi anakubali. Alisugua kopo ambalo lilikuwa limeshatakata. Akasema amechoka kuamua. Akikataa atakaa nyumbani anajiuliza, akikubali atakaa hospitali anajiuliza, na kule angalau kuna watu wa kujiuliza nao. Hakutaja ujasiri wala kuwasaidia wanawake wa kesho, yale maneno mazuri yaliyobandikwa ukutani kliniki. Nilimpenda kwa hilo, na niliogopa pia.

Kusubiri kulifanyika kwenye ujia mrefu wenye mabenchi ya kijani na feni moja iliyozunguka kwa kulalamika. Pale ndipo nilipojifunza kwamba watu huingia kwenye utafiti kwa sababu za kila namna. Kulikuwa na mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye joto, sisi tulimwita Mzee Kofia. Alituambia alipokuwa mgonjwa wa kawaida alikuwa faili tu, lakini tangu aingie utafiti nesi humpigia simu nyumbani kumuuliza kama amepata choo.

"Mke wangu tumekaa naye miaka na miaka," akasema, "hilo hajawahi kuniuliza."

Mwanamume aliyekaa mkabala naye alikuwa amekataa kuingia. Alisema anamtaka daktari anayejua, si daktari anayetafuta. Mzee Kofia akamwambia akimpata amshike shati, asimwache aondoke. Watu walicheka kwa kuchoka, kile kicheko cha puani ambacho hakifiki kifuani.

Katika benchi letu alikaa Dobi. Alikuwa mwanamke wa umri wangu au chini kidogo, mwembamba, anayefua nguo za watu majumbani na mashuka ya nyumba moja ya wageni. Ana watoto wawili wadogo, ambao siku za kliniki huwaacha kwa jirani, na kila simu yake ikilia huruka kwa kudhani wameungua. Ugonjwa wake ulikuwa kama wa Shangazi. Shangazi hutazama mikono ya mtu kabla ya uso, na siku ya kwanza walipokutana hakumsalimia hata vizuri.

"Mwanangu, mikono yako inataka mafuta."

Viganja vya Dobi vilikuwa vyekundu, ngozi imebambuka na kupasuka kwenye mikunjo. Alivigeuza akavitazama kama vitu vya kuazima.

"Ni sabuni, mama. Sabuni na dawa ya madoa. Nina mikono hii tangu usichana."

Kuanzia hapo walikaa pamoja. Shangazi alimletea mkate, Dobi alimfulia mataulo ya tanuri bila kuombwa. Nesi wa utafiti alipopita kuwauliza kama kuna jambo jipya mwilini, kila mmoja alijibu lake, na ujia mzima ulisikiliza. Shangazi alikuwa na mengi. Mdomo ulimtoka vidonda mpaka akashindwa kutafuna ganda la mkate wake mwenyewe. Kucha zikawa nyeusi, chakula hakikai. Dobi yeye alijibu vilevile kila mara.

"Hakuna jipya, sista."

Basi watu wa benchini walifanya hesabu yao. Walihukumu kwamba Shangazi amepata kidonge chenyewe, na Dobi amepewa unga mtupu. Hakuna aliyewaambia, lakini pale kila mtu alijipima hivyo. Ukitapika, umebahatika. Ukilala vizuri na kula ukashiba, unarudi nyumbani ukiwa mnyonge. Niliwahi kumwona mtu akimwonea mwenzake wivu wa gari, wa nyumba, wa mume. Wivu wa vidonda vya mdomo niliuona pale kwa mara ya kwanza. Na mimi, lazima niseme, nilifurahi. Nilimwona Shangazi akitema damu kwenye kitambaa na moyoni nikashukuru.

Siku moja Dobi alitoka kwa nesi akakaa, akaanza kulia kimyakimya, machozi yanashuka na uso hautikisiki. Shangazi akamuuliza kulikoni.

"Mama, mimi hata kichefuchefu sina. Nimekula wali asubuhi nikaongeza. Wangenipa hata nikaumwa tumbo tu, nijue na mimi nimo."

Njiani kurudi Shangazi hakuniambia neno, na hilo lilikuwa geni, maana yeye njiani hutukana mashimo yote ya barabara, moja baada ya jingine.

Wiki chache baadaye, mchana, mikate ilikuwa imekwisha na nilikuwa nimefunga dirisha. Nilikwenda nyuma kuchukua ufagio. Shangazi na Dobi walikuwa wamesimama mezani, vichwa vimeinamiana. Mbele yao palikuwa na lile karai dogo tunalopigia mayai. Chupa zao mbili za vidonge zilikuwa wazi, tupu, na Shangazi alikuwa anachanganya kwa vidole, taratibu, anatoa chini anapandisha juu, vilevile anavyochanganya unga asiouamini.

Nilielewa papo hapo. Natamani ningechelewa kuelewa.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Funga mlango, vumbi linaingia."

"Hiyo ni dawa yako!"

"Ndiyo maana."

"Umepata wewe! Kila mtu anajua umepata wewe! Halafu unakwenda kugawa?"

Dobi alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo ukagusa makopo.

"Dada, mimi nilikataa. Haki ya Mungu nilikataa. Amekuja mpaka kwangu, akawaona watoto, akakaa, akasema haondoki."

Nilimchukia yule mwanamke. Nasema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimchukia kwa wembamba wake na kwa upole wake, na kwa watoto wake ambao sikuwahi kuwaona. Nilimwambia Shangazi maneno mengi. Nilimwambia nusu ya dawa si dawa. Nilimwambia daktari atamfukuza, na akimfukuza hakuna pengine pa kwenda, kapu ni tupu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mimi nimekula chumvi ya kunitosha," akasema. "Huyu ana wawili wa kuwalea. Kama wangeniuliza, ningewaambia wampe yeye. Hawakuniuliza, wameiuliza kompyuta. Basi tunachanganya. Hakuna atakayekula bahati mbaya peke yake."

"Hii si mikate, Shangazi."

"Najua si mikate. Ingekuwa mikate ningekula na ganda lake."

Akaendelea kugawa, kimoja huku, kimoja kule. Nilitaka kukimbia nikamwambie daktari, lakini nilijua maana yake. Ningeokoa nini? Angetolewa, na hata hiyo nusu asingeipata. Nikachukua ufagio nikafagia chumba kilichokuwa kimeshafagiwa.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba baada ya hapo Shangazi alipata nafuu. Vidonda vya mdomo vilibaki palepale, lakini mgongo ulimpa pumzi. Asubuhi moja alinikuta nafungua dirisha, akaniambia amelala usiku kucha bila kugeuzwa na maumivu, akasema kwa mshangao, kama mtu aliyeokota kitu. Alinyanyua gunia mwenyewe siku ile, na nilipompigia kelele alicheka. Nikaanza kufikiri labda nusu yatosha. Nikaanza hata kumsalimia Dobi.

Kisha viganja vikaharibika. Vilianza kwa wekundu, tukadhani ni joto la tanuri. Kukafuata kuwaka, halafu ngozi ikaanza kubambuka vipande. Akigusa unga wenye chumvi alifumba macho. Ikabidi nikande mimi, na wateja wakajua siku hiyo hiyo. Mwalimu mstaafu wa jirani aliurudisha mkate, akauweka dirishani bila kusema kitu, kwa heshima. Shangazi alikaa pembeni ameshika mikono yake hewani, mbali na nguo, akiniambia nikande kwa kiganja, si kwa vidole, kwa kiganja, mpaka nikalia kwa hasira.

Tulikwenda kliniki. Daktari alivishika viganja vyake akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akavitazama muda mrefu.

"Hii imeanza lini, mama?"

"Juzijuzi tu."

"Ajabu. Hii tunaitarajia kwa baadhi ya watu wanaopata kidonge kipya. Lakini huanza mapema, wiki za mwanzo. Si sasa." Akavigeuza tena. "Kuna kitu kingine unatumia? Miti shamba? Mtu amekupa kitu? Mimi sigombi, niambie tu."

Shangazi aliitazama mikono yake. Akanitazama mimi. Nilitikisa kichwa kidogo sana, kumwomba asiseme. Yeye ana mengi, lakini hajui kumdanganya mtu aliyemshika mkono.

Akasimulia yote. Karai, chupa, kimoja huku kimoja kule. Daktari aliinuka akafunga mlango, akarudi kukaa. Nilingoja atukaripie, na ningefarijika kama angetukaripia. Hakufanya hivyo. Alionekana mchovu kuliko sisi. Alisema kwamba sasa, kwa usalama wao, hana budi kuomba siri ya chupa hizo ifunguliwe, kwa sababu watu wawili wamemeza dawa kwa kipimo ambacho hakuna anayekijua. Alisema wote wawili hawawezi tena kuhesabiwa kwenye utafiti. Kuhusu dawa yenyewe, hakutoa ahadi.

"Mtanitoa mimi," Shangazi akasema, "huyu mwenzangu mumwache. Wazo lilikuwa langu."

"Tusubiri jibu, mama."

Siku ya jibu tulikaa wanne kwenye kile chumba kidogo, viti viwili vimeazimwa chumba cha jirani. Dobi alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Shangazi alikuwa amejikunja kidogo, maana tangu azuiwe kumeza vidonge mgongo ulikuwa umerudi na tabia yake. Daktari hakuzungumza polepole safari hii. Aligeuka moja kwa moja.

"Chupa yenye dawa ilikuwa yako," akamwambia Dobi.

Hakuna aliyemwelewa. Akarudia. Akaeleza kwamba chupa ya Shangazi, tangu mwanzo, ilikuwa na vidonge visivyo na kitu. Vidonda vya mdomo na kucha nyeusi vilitokana na dripu, ile ambayo kila mtu alipewa, maana miili haifanani. Dawa mpya alama yake moja ilikuwa kwenye viganja, na Shangazi aliipata baada tu ya kuanza kuchanganya.

Sote tuliitazama mikono ya Dobi. Ilikuwa mapajani, juu ya ile nguo nzuri, myekundu, imepasukapasuka. Akaisukuma chini ya mkoba.

"Nilidhani ni sabuni," akasema. "Sista aliniuliza kama kuna jipya. Hili si jipya."

Daktari akaongeza lililobaki, na nadhani angependa asiongeze. Picha ya kwanza ya Dobi, kabla ya karai, ilionyesha uvimbe umepungua vizuri. Picha ya pili, baada ya karai, ilionyesha umesimama palepale. Kwa sababu dawa ilikuwa inamsaidia, wenye utafiti wamekubali Dobi aendelee kuipata, chupa nzima, bila kuhesabiwa. Kwa Shangazi wamekataa. Hakupangiwa, na dawa bado haiuzwi popote. Atabaki na dripu, na dawa za maumivu, na yeye daktari atakuwa naye.

Nilimtazama Shangazi nikiogopa. Nilidhani atachekesha, kama kawaida yake. Uso ulikuwa umesawijika.

"Kwa hiyo nilikuwa namnyang'anya," akasema.

"Hukujua, mama."

"Nilikwenda mpaka kwake. Nilikaa kwenye kiti cha watoto wake nikakataa kuondoka."

Dobi alimshika bega, lakini Shangazi hakugeuka. Tulipotokea kwenye ujia Mzee Kofia aliinua kofia yake kutusalimia, akaona nyuso zetu, akairudisha kichwani bila kuuliza.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Shangazi aliamka, akaja kazini, akaninyooshea kidole hiki na kile, lakini matusi yake yalikuwa yamepoa. Mgongo ulimpinda zaidi. Viganja vilianza kupona, na nilichukia kuviona vinapona, kwa sababu nilijua sasa maana ya kupona kule. Zile wiki alizolala usiku kucha, alikuwa na nusu ya dawa ya kweli tumboni, iliyotoka kwenye chupa ya mtu mwingine. Nililiwaza jambo hili kila nilipokanda. Baba alikuja, akakaa, akamwambia dada yake kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Shangazi akamwambia ndiyo, ulisema, na Baba akakosa la kufanya na ushindi wake.

Dobi alikuja mwishoni mwa mwezi, saa ambazo anajua mikate imekwisha. Hakuja dirishani, alipitia nyuma. Alikuwa na mataulo yetu yaliyofuliwa na kukunjwa, na juu ya mataulo kulikuwa na chupa mpya, bado haijafunguliwa. Aliweka mataulo kwenye rafu. Akalichukua karai la mayai kutoka kwenye ndoano, akalipangusa kwa pindo la nguo yake, akaliweka mezani mbele ya Shangazi. Akafungua chupa akaimimina yote.

"Sasa tunajua," akasema. "Na mimi nimekuja kwako, mama. Siondoki."

"Mwanangu, acha mchezo."

"Sichezi. Ulinigawia ukidhani ni yako. Mimi nitashindwaje kukugawia nikijua ni yangu?"

Akaanza kugawa, kimoja huku, kimoja kule. Shangazi alivitazama vidonge, na mimi nilimtazama Shangazi. Nimeishi na uso ule maisha yangu yote. Alivitaka. Alivitaka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji.

Nami nilifanya nini? Nilikwenda nikafunga mlango. Hakuna aliyeniambia. Niliufunga kabisa, nikakaza na komeo, ili mtu asije akaona. Nikasimama pale nimeupa mgongo, na nilichokuwa nasema moyoni ni chukua, chukua, chukua.

Shangazi alinyoosha mkono. Akachukua kidonge kimoja kutoka kwenye fungu lake akakishika kidogo katikati ya kiganja, pale ngozi mpya ilipokuwa bado laini na ya waridi. Kisha akakirudisha kwenye chupa. Akachukua kingine akakirudisha. Alivirudisha vyote hivyo, kimoja kimoja, fungu lake kwanza, halafu la Dobi, na Dobi akawa analia akijaribu kumzuia mkono, na mkono wa mwoka mikate hauzuiliki.

"Gunia hili tumeshalijua," Shangazi akasema. "Halichanganywi."

Akafunga kifuniko, akakikaza, akamtia Dobi chupa mfukoni mwenyewe, kama mtoto anayetumwa dukani. Akamwambia aende, watoto watakuwa wameungua kwa jirani. Kwangu akasema nifungue mlango, kuna joto.

Nilifungua. Dobi alipita mbele yangu bila kuniangalia, nami nilitamani angeniangalia. Nilipogeuka Shangazi alikuwa bado amesimama, amejishika kwenye meza kwa mikono yote miwili, pale mbao zilipolika. Niliogopa kumsogelea. Nikavuta kiti kutoka dirishani nikakiweka nyuma yake, nikangoja aniulize lini nimemwona ameanguka.

Hakuniuliza kitu. Akakaa.